Jumapili za Kompyuta ya Mzee Kanti

Juzi walikuja mafundi kazini kwetu kubadilisha kompyuta. Mmoja akafungua boksi la kompyuta yangu ya zamani, akalipuliza kwa mashine, na vumbi lililokuwa limeokwa humo ndani kwa miaka likatoka likiwa bado na joto. Wenzangu walikohoa, wakakimbilia madirisha. Mimi nilisogea karibu. Ile harufu ya vumbi la moto, yenye uchachu kidogo wa waya, ilinirudisha sebuleni kwetu, ghorofa ya tatu kule Mchafukoge, Jumapili mchana, nimeshika tochi, mkono unaniuma na sithubutu kusema. Ilibidi nitoke nikasimame kwenye korido. Aliyeniuliza nilimwambia ni mafua.

Nilikuwa darasa la nne. Mama alikuwa amekwenda nyumbani, na kwa watu wa kwetu nyumbani ni Kilimanjaro tu, hata kama wewe umezaliwa hatua mia mbili kutoka soko la Kariakoo. Bibi alikuwa ameanguka akavunjika nyonga. Mama alimbeba mdogo wangu ambaye alikuwa bado ananyonya, akasema anakwenda kwa wiki mbili. Mimi nilibaki kwa sababu ya shule. Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa muhula mzima, na kila alipopiga simu alisema bibi anaendelea vizuri, lakini hawezi kumwacha.

Baba alikuwa anauza vyombo kwa jumla: masufuria, majagi, chupa za chai zenye maua. Aliondoka asubuhi mapema, akarudi giza limeshaingia. Dada mmoja wa usharika wetu alikuja kupika na kufua, na mchana akaenda zake. Nikitoka shule nilifungua mlango kwa ufunguo niliouvaa shingoni, nikakaa dirishani kusikiliza wapagazi chini wakipiga kelele wapishwe njia, na vipaza sauti vya maduka vikitaja bei ileile mpaka nikaiota. Watu wote wale walikuwa chini yangu na hakuna hata mmoja aliyejua kuwa niko pale juu. Baba akirudi tulizungumza hivi:

"Shule?"

"Nzuri."

"Umekula?"

"Nimekula."

Hapo maongezi yalikuwa yamekwisha. Sisemi kwamba hakunipenda. Alikuwa mtu aliyechoka, na mtoto wa kike wa miaka kumi alikuwa kitu asichojua namna ya kukianza.

Nilikuwa na akili zangu nyingi, na kwa akili zile nilishapata jibu kwa nini niko peke yangu. Watu wazima hukaa karibu na anayeumwa. Bibi anaumwa, ndiyo maana mama yuko kwake. Mimi siumwi, ndiyo maana sina mtu. Nilijaribu kuumwa tumbo. Baba akanishika paji la uso, akanipa vidonge viwili na maji, akaenda dukani. Nikajua kuumwa kwenyewe nako kunahitaji kipaji.

Jumapili ndiyo ilikuwa mbaya kuliko siku zote. Asubuhi tulikwenda ibadani, tukarudi tukala, na mchana baba akavaa viatu kwenda kwenye kikao cha watu wa kwetu huko Magomeni. Wanaume wa kijiji kimoja, wote wafanyabiashara, walikutana kila Jumapili kuzungumzia misiba, harusi na barabara ya kijijini. Maduka yote mtaani kwetu yalikuwa yamefungwa. Hata wapagazi hawakuwepo. Nilibaki nahesabu mabati ya paa la jirani.

Ghorofa ya pili, chini yetu, aliishi Mzee Kanti. Alikuwa Mhindu, mzaliwa wa hapohapo Dar, aliyewahi kuwa na duka la vitambaa. Mkewe alikuwa amefariki, watoto walikuwa Kanada, naye alibaki na vyumba vitatu na redio. Nilimpita kwenye ngazi kila siku nikimwamkia, "Shikamoo mzee," naye akiitikia, "Marahaba, beti." Beti ni binti kwa lugha yao.

Siku moja nilikuta kompyuta nzima iko nje ya mlango wake: boksi, kibodi, na monita nene yenye mgongo kama televisheni za zamani. Mzee Kanti alikuwa anafagia.

"Diwali inakaribia," akaniambia. "Kwetu lazima nyumba isafishwe kabla ya Diwali. Kitu kilichokufa hakibaki ndani. Hii ilikuwa ya mwanangu. Ukiiwasha inalia mara tatu, basi, haionyeshi kitu. Baba yako si alikuwa fundi redio?"

Sikujua kama baba aliwahi kuwa fundi redio. Nilisema ndiyo.

Baba aliipandisha ngazi jioni ile kwa heshima tu, maana kumkatalia mzee hakukuwa kwenye desturi yake. Akaiweka kwenye kona ya sebule. Alipoitazama vizuri chini ya taa alikunja uso. Ubavuni mwa boksi kulikuwa na alama nyekundu iliyochorwa kwa kidole, na punje mbili za mchele zimegandia juu yake. Mzee Kanti alikuwa ameniambia kwamba kila Diwali wenzake wa dini yake huombea vitabu vyao vya biashara na vyombo vyao vya kazi, na kuvitia alama ile. Nilimweleza baba. Akaenda kuchukua kitambaa na spiriti.

"Sisi ni watu wa kanisa," akasema, akaifuta mpaka plastiki ikang'aa.

Kompyuta ingekaa pale konani mpaka leo kama siyo mvua. Jumapili iliyofuata ilinyesha tangu alfajiri, bonde la Jangwani likajaa maji, barabara ya Magomeni ikafungwa. Baba alivaa viatu, akavivua. Alizunguka sebuleni kama mtu aliyesahau kitu. Mwisho akafungua kabati, akatoa kikopo cha biskuti ambacho miaka yote nilidhani kina sindano za mama. Ndani kulikuwa na bisibisi za kila saizi, koleo dogo na kipima umeme.

"Mama, lete tochi," akasema. Aliniita mama, kama wanaume wa kwetu wanavyowaita binti zao, lakini siku nyingi sana alikuwa hajaniita chochote.

Alipofungua boksi ndipo harufu ile ilipotoka. Alisafisha vumbi kwa brashi ya rangi, taratibu, kama anamwosha mtoto. Akanionyesha vipipa vidogo vya bati vilivyosimama kwenye bodi, viwili vimevimba vichwa. "Hawa wamechoka," akasema. Feni ilikuwa imekwama, akaitia tone la mafuta ya cherehani. Na alipokuwa anafanya yote hayo, alikuwa anaongea! Aliniambia kuhusu kibanda chake karibu na stendi ya mabasi Moshi, kabla hajaoa. Kuhusu bibi mmoja aliyeleta redio akilalamika kwamba mtangazaji ana kikohozi. Alipoifungua akakuta mende wamezaliana kwenye spika. Alinielekeza jinsi ya kushika tochi ili mwanga usimpige machoni. Nilikuwa na baba mwingine ndani ya nyumba na hakuna aliyeniambia.

Jumapili ya pili barabara ilikuwa wazi, lakini hakwenda kikaoni. Alikuwa ameshanunua vipipa vipya kwa fundi mmoja wa Msimbazi, na alikuwa na hamu navyo. Simu ikaita, wenzake wakamtania kwamba ameoa kompyuta. Alicheka akaizima. Jumapili ya tatu tulibadilisha waya. Ya nne alichomoa kibao chembamba cha kijani chenye meno ya dhahabu upande mmoja, kile ambacho mafundi wanakiita RAM, akakiinua kwenye mwanga.

"Nipe kifutio chako cha shule."

Alisugua yale meno kwa kifutio mpaka yakametameta, akakirudisha kibao mahali pake. Akabonyeza. Ililia mara moja tu, mlio mfupi, na skrini ikajaa rangi ya buluu, halafu ukaja muziki. Baba alipiga kofi kwenye paja. Akampigia mama simu huko mlimani, akaizima kompyuta na kuiwasha upya ili asikie ule muziki, akaishikilia simu kwenye spika. Mzee Kanti alisikia kelele akapanda. Alitabasamu, akatupongeza, akaizunguka kompyuta kuitazama. Macho yake yakasimama ubavuni, mahali palipokuwa na alama. Alitupongeza tena, akashuka. Baba alibaki ametazama mlango.

Na Jumapili iliyofuata, baada ya kula, baba akavaa viatu.

"Cheza na kompyuta yako, mama. Nitarudi jioni."

Ilikuwa haina intaneti. Haikuwa na chochote ila mchezo mmoja wa karata, ule wa mtu mmoja, ambao unajigawia mwenyewe, unajifungia mwenyewe, na ukishinda karata zinamiminika huku hakuna aliyekuona. Nilicheza Jumapili ile yote, na iliyofuata. Nilishinda mara nyingi. Niliichukia ile kompyuta kwa moyo wangu wote, yaani niliichukia kwa kupona.

Mama alikuwa ameacha kichupa cha rangi ya kucha kwenye meza yake ya kioo. Ilikuwa ile isiyo na rangi, inayong'aa kama maji, maana wazee wa kanisa hawakupenda nyekundu. Baba alikuwa ameniambia, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba umeme unapita pale kwenye meno ya dhahabu, na meno yakifunikwa na uchafu kidogo tu, kompyuta haikumbuki hata kuwaka. Jumapili ya tatu, alipoondoka tu, nilitoa kikopo cha biskuti. Nilifungua boksi kama alivyonifundisha, nikachomoa kile kibao, nikayapaka yale meno rangi ya kucha ya mama, jino kwa jino, pande zote mbili. Nilipuliza mpaka ikakauka. Ukitazama huoni kitu. Nikarudisha kila kitu mahali pake. Nilipobonyeza, ililia mara tatu.

Baba aliporudi nilimwambia, "Inaumwa tena." Nilijitahidi kuwa na sura ya huzuni. Haikuwa kazi ngumu.

Mwanzo mambo yalikwenda nilivyotaka. Jumapili iliyofuata hakwenda kikaoni, nilishika tochi. Lakini hakuongea. Alisugua meno kwa kifutio, akajaribu, ikalia. Akasugua tena, ikalia. Akapima kila waya. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Hakukuwa na hadithi ya bibi wala mende. Jumapili ya pili nikaona anaitazama mikono yake badala ya kuitazama kompyuta.

"Zamani nilikuwa sishindwi," akasema. Hakuwa anasema na mimi.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Nilitaka kompyuta iumwe. Sikutaka yeye aumwe.

Ningesema siku ile. Sijui kwa nini sikusema; au najua, niliogopa kwamba nikisema atavaa viatu na safari hii hatarudi mapema hata kidogo. Siku mbili baadaye, tukiwa tunakula, aliweka kijiko chini.

"Ile alama ya Mzee Kanti. Nilimdharau mzee wa watu. Alitupa kitu chake kwa moyo mzuri, mimi nikakifuta kama uchafu, na akaona."

"Lakini sisi ni watu wa kanisa," nikasema haraka, maana niliona anakoelekea.

"Watu wa kanisa ndio wanaotakiwa kuomba radhi," akasema. Akanawa mikono, akashuka ngazi.

Alikaa kule chini muda mrefu. Nilikwenda kwenye boksi, nikaweka kidole ubavuni, pale palipofutwa. Aliporudi uso wake ulikuwa mwepesi.

"Jumapili atapanda mwenyewe. Amesema ataiombea upya."

Siku zilizobaki mpaka Jumapili sikulala vizuri. Nilijaribu kukwangua ile rangi kwa ukucha, lakini dada wa kupika aliingia, nikaogopa nikafunga boksi. Nilijiambia labda maombi ya Mzee Kanti yana nguvu kuliko rangi ya kucha. Nilimwomba Mungu wetu amsaidie Mungu wa Mzee Kanti. Niliomba hivyo kwa kupiga magoti kabisa.

Alipanda saa nane mchana amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, ameshika sinia dogo la chuma lenye unga mwekundu, punje za mchele, ua moja na taa ndogo ya mafuta inayowaka. Baba alizima feni ya dari ili moto usizimike. Kisha akasimama pembeni, mikono ameikutanisha mbele, kichwa ameinamisha, kama anavyosimama ibadani wakati wa sala. Mzee Kanti alilowesha kidole, akachora alama ubavuni mwa boksi polepole, akabandika mchele. Akafumba macho. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Niliwaona watu wazima wawili wamesimama kwa heshima mbele ya kitu nilichokiharibu mimi.

"Washa," Mzee Kanti akasema.

Baba akabonyeza. Ililia mara tatu.

Jasho lilikuwa linamtiririka baba shingoni, feni bado imezimwa. Mzee Kanti aliangalia sinia lake.

"Basi," akasema taratibu. "Mwanangu huwa ananitania kwenye simu kwamba siku hizi hata maombi yangu yamezeeka. Kumbe si utani."

"Hapana mzee, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyefuta."

"Hapana, wewe umeomba radhi, hilo limekwisha. Ni mimi. Mtu akikaa peke yake sana hata sala inapoteza njia."

Walikuwa wanagombania kosa langu. Nilisikia sauti kubwa, nikagundua ni mimi nalia. Nilikimbilia chumbani nikarudi na kile kichupa, nikakiweka juu ya boksi, karibu na ile alama ambayo ilikuwa bado mbichi.

"Ni mimi," nikasema. "Nilipaka kwenye meno."

Baba alifungua kichupa akanusa. Alichomoa kile kibao, akakipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza hivi na hivi. Nilisubiri kofi. Nilikuwa nalitaka.

"Kwa nini?"

"Ikipona unaondoka." Maneno yalitoka yamechanganyika na makamasi. "Bibi anaumwa mama anakaa naye. Kompyuta ikiumwa na wewe unakaa. Mimi siumwi. Nilijaribu kuumwa ikashindikana."

Sikuwa nimewahi kumwona baba akikosa mahali pa kuweka macho. Aliyaweka kwenye bisibisi, akayaweka kwenye viatu vyake vilivyokuwa mlangoni, vimewekwa tayari, akayatoa haraka. Mzee Kanti alivuta kiti akakaa, ingawa hakuna aliyemkaribisha.

Baba alikwenda kwenye meza ya mama akarudi na ile dawa ya kuondolea rangi na pamba. Alifuta jino kwa jino, bila haraka, halafu akanipa pamba nimalizie upande wa pili. Nilimaliza. Akarudisha kibao, akabonyeza. Ililia mara moja, skrini ikawa buluu, muziki ukapigwa mpaka mwisho. Mzee Kanti aliguna kidogo, ule mguno wa mtu aliyetuliwa mzigo.

Tulikaa tunaitazama, wote watatu. Kisha baba akanyoosha mkono nyuma ya boksi, akaizima. Akachomoa kile kibao tena, akakipangusa kwa shati, akakitia kwenye mfuko wa kifuani, akafunga kifungo.

"Imeharibika," akaniambia. "Jumapili ijayo tutaitengeneza tena."

Nilimtazama usoni kuona kama ananikejeli. Hakuwa ananikejeli. Alikuwa anafunga bisibisi zake kwenye kikopo, moja moja, kwa mpangilio, kama mtu anayejua atazihitaji.

Mzee Kanti alinyanyuka, akachukua sinia lake, akatembea mpaka mlangoni. Pale akasimama, amegusa kitasa, hakukizungusha.

"Saa ngapi?" akauliza.